Kinachokosekana kwenye Nepia: Madini na Ng'ombe wa Maziwa wa Thika na Ruiru

Nepia haihitaji ayodini ili ikue. Haihitaji seleni, wala kobalti. Inaweza kufika kimo cha mtu, majani yakawa mapana na ya kijani kibichi, mwenye shamba akaringa nayo, na bado isiwe na kiasi cha kutosha cha madini hayo matatu ambayo ng'ombe hawezi kuzaa, kukamuliwa wala kujikinga na maradhi bila kuyapata. Mkulima amezoea kuusoma mmea kwa macho: ukinyauka unataka maji, ukigeuka njano unataka mbolea. Upungufu wa ayodini, seleni na kobalti hauonekani kwenye jani. Huja kuonekana miezi kadhaa baadaye kwenye mwili wa mnyama: kondo la nyuma lililokwama, ndama aliyezaliwa mnyonge asiyeweza kusimama anyonye, ng'ombe aliyepandishwa kwa sindano mara ya tatu na hajashika mimba.

Mada hii ina uzito wa pekee Thika na Ruiru. Eneo hili la kaunti ya Kiambu limezungukwa na biashara ya maziwa. Kiwanda cha Brookside kiko Ruiru. Upande wa magharibi kuna ushirika wa wafugaji wa Githunguri. Juja, katikati ya miji hii miwili, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Thika yenyewe ni mji wa viwanda vya kusaga chakula cha mifugo. Soko lipo, maarifa yapo, chakula cha gunia kipo. Kilichopungua ni ardhi. Mashamba makubwa ya kahawa yamegeuka mitaa ya nyumba, Tatu City ukiwa mfano unaoonwa na kila mtu, na mfugaji wa kawaida amebaki na robo ekari au hata ploti moja. Ng'ombe wake watatu wanakaa zizini mwaka mzima na chakula kinaletwa.

Kinaletwa kutoka wapi? Hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Nepia hununuliwa kwa mkokoteni au kwa pikapu, ikiwa imekatwa ukingoni mwa mto, kando ya barabara, au kwenye shamba la mtu wa Gatundu. Nyasi kavu zinakuja kwa marobota kutoka Naivasha, Nakuru, Laikipia na Narok. Mabaki ya mananasi yanatoka kwenye usindikaji wa mananasi ya Thika, machicha ya bia yanatoka Ruaraka, majani ya kabichi yanaokotwa sokoni jioni, na mashina ya migomba hukatwakatwa kiangazi kikizidi. Mabua ya mahindi hutoka kokote yanakopatikana. Zamani mtaalamu aliuliza kama udongo wa mahali fulani una shaba ya kutosha, akajibu kwa mahali hapo. Swali hilo halimfai tena ng'ombe wa Ruiru, kwa sababu katika wiki moja anaweza kula udongo wa kaunti nne. Nitashikilia jambo hilo katika makala haya yote: upungufu wa madini kwetu hauwezi tena kusomwa kwenye ramani ya udongo peke yake. Lazima usomwe kwenye hori, na mfugaji mmoja hawezi kuusoma akiwa peke yake.

Kenya ina historia yake katika elimu hii, na inasikitisha kwamba haisimuliwi. Katika enzi ya ukoloni, ng'ombe waliokuwa wakilishwa kwenye maeneo fulani ya Nakuru walikonda, wakakosa hamu ya kula, wakafa wakiwa katikati ya majani. Ugonjwa huo ukapewa jina la mahali, ukaitwa nakuruaitisi. Ulikuwa ni ukosefu wa kobalti. Australia walikuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na New Zealand pia. Mwaka 1935 Underwood na Filmer, wakifanya kazi Australia Magharibi, walionyesha kwamba kobalti kidogo mno iliweza kumrudisha mnyama aliyekuwa akielekea kufa. Sababu yake ilieleweka zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 1948, vitamini B12 ilipotengwa na kuonekana kwamba ina kobalti ndani yake. Ng'ombe hahitaji kobalti kwa ajili ya nyama na mifupa yake mwenyewe. Inahitajika na bakteria wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza, ambao huitumia kutengeneza B12. Bila vitamini hiyo mnyama hawezi kugeuza sehemu kubwa ya kile anachokula kuwa sukari ya damu. Anashiba na anakufa njaa.

Habari za eneo hilo hazikuishia enzi ya ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Maskall na Thornton walichunguza madini katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, wakaandika juu ya uhaba wa shaba kwa wanyamapori waliofungiwa ndani ya uzio, swala pala miongoni mwao. Ndani ya uzio mnyama hawezi kuhama kutafuta kinachomkosa. Ng'ombe wa zizini yuko katika hali hiyo hiyo. Simaanishi kwamba kila robota linaloshuka kutoka Bonde la Ufa ni baya. Bonde hilo ni pana na udongo wake ni wa aina nyingi. Nasema tu kwamba anayenunua nyasi kavu za Nakuru amenunua pia udongo wa Nakuru, na muuzaji hana cheti cha kumwambia ni upande gani wa Nakuru.

Turudi Kiambu. Kwenye miinuko ya Gatundu, Githunguri na magharibi ya Thika kuna udongo mwekundu wenye kina, ule ule uliovutia kahawa na chai. Ukishuka kuelekea mashariki, Juja na sehemu za chini za Ruiru, unakutana na udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Udongo mwekundu una chuma kingi, na rangi yake inatokana na hicho chuma. Mtu angedhani hiyo ni neema, kumbe chuma ndicho kitu ambacho ng'ombe anayekula majani hakikosi kamwe. Tatizo ni wingi wake. Mvua kubwa ya Aprili hurusha tope kwenye majani ya chini, nepia hukatwa karibu sana na ardhi, mzigo huburutwa shambani, na ng'ombe anakula udongo pamoja na jani. Chuma hicho kikiingia tumboni kinazuia shaba isifyonzwe. Maji ya kisima yenye chuma au salfa nyingi yanafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kupima nepia ukapata shaba ya kutosha kwenye karatasi, huku damu ya ng'ombe ikiwa na upungufu.

Shaba ni madini yenye maadui wengi kuliko mengine yote, na inastahili maelezo zaidi. Ng'ombe mkubwa hufyonza asilimia nne au tano tu ya shaba anayokula, hata mambo yakiwa shwari. Molibdeni na salfa zikikutana tumboni hushikana na shaba na kutengeneza kitu kisichofyonzeka. Waingereza waliligundua hilo kwenye malisho ya Somerset, ambako ng'ombe waliharisha na kupauka manyoya kwenye majani mazuri kabisa, na uchunguzi wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 ukaonyesha molibdeni ndiyo chanzo. Molibdeni hupanda kwenye mmea kwa wingi zaidi udongo unapokuwa wa chokaa au unapotuama maji. Jambo hili linatuhusu sasa hivi. Wakulima wa Kiambu wanashauriwa kutia chokaa mashambani kwa sababu miaka mingi ya mbolea ya DAP imeuchachusha udongo. Ushauri huo ni sahihi kwa mahindi. Lakini chokaa hiyo hupunguza kobalti, zinki na manganizi zinazoingia kwenye jani, na huongeza molibdeni. Atakayetia chokaa kwenye shamba la nepia afanye hivyo akijua kwamba amebadilisha pia chakula cha ng'ombe wake.

Halafu kuna kahawa, ambayo ni kisa cha eneo hili hasa. Ugonjwa wa kahawa uitwao chulebuni ulionekana kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka 1922. Pamoja na kutu ya majani, uliwalazimisha wakulima kunyunyizia dawa za shaba msimu baada ya msimu kwa miongo mingi. Shaba haiozi wala haipeperuki. Mwaka 1984 Dickinson na wenzake walichapisha utafiti juu ya shamba la kahawa la Kenya lililokuwa na umri wa miaka 68, na walichokiandika ni uchafuzi wa shaba kwenye udongo. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko papo hapo Ruiru, na aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, ikifuatwa na Batian mwaka 2010, ilizalishwa ili kupunguza haja ya dawa hizo. Lakini kahawa ya zamani bado imo mashambani, na sehemu nyingi zilizong'olewa kahawa sasa zimepandwa nepia.

Je, nepia ya shamba la kahawa ina shaba nyingi? Jibu si rahisi. Shaba iliyo kwenye udongo wenye mboji hushikiliwa kwa nguvu, na mizizi ya majani huiacha chini. Mmea haupandishi shaba kwenye jani kwa kadiri ilivyo ardhini. Mfugaji asidhani kuwa udongo wake wa kahawa umemkinga na upungufu. Kwa upande mwingine, magugu na majani yaliyokatwa chini ya mibuni siku chache baada ya kunyunyizia yanabeba dawa juu ya jani lenyewe, na hapo shaba huingia moja kwa moja mdomoni. Ng'ombe hustahimili kiasi fulani. Kondoo hawastahimili: shaba hujikusanya kwenye ini lao kimya kimya hadi siku moja wanakojoa mkojo mwekundu na kufa. Kwa anayefuga ng'ombe na kondoo zizi moja, hili ni onyo la kweli, na linahusu pia madini ya unga: kopo lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe lisiwekwe mbele ya kondoo.

Umri wa jani una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Nepia inayokatwa ikiwa na kimo cha kama mita moja, yaani wiki sita hadi nane baada ya mkato uliopita mvua ikiwepo, ina majani mengi kuliko shina. Ikiachwa ifike mita mbili, uzito unaongezeka lakini ni wa shina. Fosforasi, shaba, zinki na kobalti hupungua kadiri mmea unavyokomaa, protini nayo inashuka. Watafiti wa Muguga, hapo hapo Kiambu, walikwishaandika mwaka 1962 juu ya jinsi madini na protini za malisho ya nyanda za juu zinavyopanda na kushuka. Bahati mbaya anayenunua kwa mkokoteni analipa kwa ukubwa wa mzigo, na muuzaji ana kila sababu ya kungoja nepia irefuke. Soko letu linatuza shina. Ningependa kuona ushirika unaonunua nepia kwa ajili ya wanachama wake ukikataa iliyopita umri, kama maziwa yaliyoongezwa maji yanavyokataliwa kwenye kituo cha kupokelea.

Kuhusu chumvi ya kawaida, wazee walijua. Nepia na ile nyasi ya kikuyu ambayo asili yake ni nyanda zetu za juu, na ambayo leo inalisha ng'ombe kuanzia Australia hadi Colombia, huweka sodiamu kidogo sana kwenye majani. Ndiyo maana Wakikuyu walikuwa na sehemu za munyu, ardhi yenye chumvi walikopeleka mifugo ikarambe. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, alizitaja sehemu hizo miongoni mwa mali ya jamii nzima isiyoweza kuzuiwa na mwenye shamba. Ulikuwa ni mpango wa lishe uliolindwa na sheria ya ardhi. Ng'ombe wa zizini hana munyu wa kwenda. Baadhi ya wafugaji hutumia magadi badala yake, na hapo napenda waangalie: magadi yana sodiamu kweli, lakini yana floraidi nyingi, na visima virefu vya sehemu za Kiambu na Nairobi vina floraidi yake pia. Floraidi ikizidi huharibu meno na mifupa, na ng'ombe aliyeharibika meno hali.

Sasa tuseme wazi kuhusu dalili, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Shaba ikipungua, manyoya ya Friesian hubadilika, weusi ukageuka kahawia na duara lililopauka likatokea kuzunguka macho. Zinki ikipungua, ngozi hukakamaa na kwato hulainika. Seleni, ikishirikiana na vitamini E, hulinda chembe za mwili dhidi ya kuharibika. Ikikosekana kondo hukwama, kiwele huugua kwa urahisi, na ndama huzaliwa na misuli iliyopauka. Ayodini ikipungua, ndama huja na uvimbe shingoni au anazaliwa amekufa, na jambo hili linazidi pale ng'ombe anapolishwa sana majani ya kabichi na jamii yake, ambayo huizuia ayodini isifanye kazi. Manganizi ikikosekana, joto huwa hafifu na mwenye ng'ombe halioni.

Lakini karibu kila moja ya dalili hizi ina sababu nyingine, na mara nyingi hiyo nyingine ndiyo ya kwanza kuchunguza. Ng'ombe asiyeshika mimba huenda alipandishwa saa zisizofaa. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huenda ana njaa tu, njaa ya nguvu na protini, kwa sababu kilo 70 za nepia mbichi zina maji mengi na chakula kikavu cha kilo kumi na kitu tu. Manyoya mabaya yanaweza kuwa minyoo. Nimewaona wafugaji wakinunua makopo ya madini ya bei kubwa kwa ajili ya ng'ombe ambaye ndoo yake ya maji hukaa tupu tangu saa nne hadi jioni. Maji, nguvu, protini, kisha madini: nadhani utaratibu huo ni wa haki. Ila madini, ingawa ni ya nne kwenye foleni, ndiyo ya bei ndogo kuliko yote kuyarekebisha, na ukiyakosa yale matatu ya kwanza hayatoi matunda yake.

Tuje kwenye hesabu. Chukua ng'ombe anayekula kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Anahitaji shaba ya miligramu 11 hivi kwa kila kilo, kwa jumla karibu miligramu 130. Seleni ni miligramu 0.3 kwa kilo, yaani 3.6 kwa siku. Kobalti ni 0.2, kiwango ambacho kamati ya wataalamu wa Marekani ilikipandisha mwaka 2021 kutoka 0.11. Viwango hivi ni vidogo kiasi cha kutatanisha: gramu moja tu ya seleni ingemtosha ng'ombe huyu zaidi ya miezi tisa. Ndiyo maana mtu asijaribu kuchanganya madini haya mwenyewe kwa koleo sakafuni. Akikosea kidogo tu kwenye kupima au kukoroga, ng'ombe mmoja anapata sumu na mwingine hapati kitu.

Tuseme mchanganyiko wa hori una shaba ya miligramu 6 kwa kilo. Ng'ombe wetu amepata 72, amebakiwa na pengo la karibu 60. Mwenye ng'ombe ananing'iniza tofali la chumvi, ambalo ndilo linalouzwa zaidi kwenye agroveti kwa kuwa ni rahisi kubeba na halimwagiki. Tuseme tofali hilo lina shaba ya miligramu 300 kwa kilo, na ng'ombe analamba gramu 40 kwa siku. Amepata miligramu 12. Pengo halijazibwa hata robo, na mwenye ng'ombe anaamini ameshatoa madini kwa sababu anaona tofali linapungua. Ng'ombe analamba kwa ajili ya chumvi. Hana hisia inayomwambia kwamba seleni imepungua. Sodiamu ikitosha, anaacha. Unga wa madini wenye shaba ya miligramu 1,000 kwa kilo, gramu 100 zikichanganywa kwenye chakula cha kusagwa wakati wa kukamua, unampa 100, na kila ng'ombe anapata fungu lake mbele ya macho yako. Tofali lina kazi yake, ya kutoa chumvi. Lisipewe kazi isiyolifaa.

Mnunuzi asome nyuma ya mfuko. Neno "madini" kwa herufi kubwa na picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa havina maana yoyote; maana iko kwenye orodha ya viwango na kwenye aina ya chumvi iliyotumika. Shaba ya salfeti hufyonzwa vizuri kuliko shaba ya oksaidi ya unga, ambayo karibu yote hupita na kutoka kwenye samadi. Mfuko usiosema viwango usinunuliwe. Kenya ina sheria ya vyakula vya mifugo, sura ya 345, na Shirika la Viwango, KEBS, lina viwango vyake na alama yake ya ubora. Sheria ziko. Upungufu uko kwenye kuchukua sampuli madukani mara kwa mara na kutangaza matokeo hadharani, ili mfugaji ajue ni mfuko upi unaosema kweli.

Na kuna hatari ya upande wa pili, ambayo wauzaji hawaitaji. Uingereza, uchunguzi wa maini ya ng'ombe waliochinjwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nne katika kila kumi ya wale wa maziwa wana shaba kupita kiwango cha kawaida, kwa sababu walipewa unga, tofali, sindano na vidonge kwa pamoja na hakuna aliyejumlisha. Ng'ombe wa Jersey hujaza shaba kwenye ini upesi kuliko Friesian. Kwetu kuna njia ya ziada ya kuzidisha: samadi ya kuku, ambayo baadhi ya wafugaji wa Kiambu huwalisha ng'ombe kwa ajili ya protini yake, hubeba shaba na zinki zilizotoka kwenye chakula cha kuku. Mwenye kulisha samadi ya kuku, chakula cha gunia chenye madini tayari, na kopo la unga juu yake, yuko kwenye njia ya Waingereza. Samadi hiyo ina hatari nyingine kubwa zaidi ya sumu ya botulizimu, na kwa maoni yangu haifai kabisa.

Nini kifanyike? Kupanda mimea ya jamii ya kunde pembeni mwa nepia ni hatua ninayoiunga mkono bila kusita. Desmodiamu, kaliandra na lusini huleta protini na kalisi, na kalisi si jambo dogo kwa ng'ombe anayetoa lita 15, maana gramu 18 hivi za kalisi zinatoka kwenye ndoo kila siku huku pumba anazolishwa zikiwa na fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Kunde hizi pia zinahitaji kobalti kwa ajili ya bakteria wa mizizi yao, kwa hiyo mara nyingi huwa nayo zaidi kuliko majani ya jamii ya nyasi. Kurudisha samadi kwenye shamba la nepia nayo ni lazima. Kila mzigo unaokatwa umebeba madini ya shamba hilo, na kama samadi inauzwa kwa wenye bustani, udongo unachuma bila kulipwa.

Hata hivyo, hayo yote hayamsaidii anayenunua chakula chote, na huyo ndiye mfugaji wa Ruiru wa leo. Kwake jibu ni vipimo, na vipimo vya mtu mmoja mmoja havina faida: anapima mkokoteni wa Jumatatu, wa Alhamisi unatoka kwingine. Kinachowezekana ni ushirika au chama cha wafugaji kuchukua sampuli za kila aina ya chakula kinachoingia eneo lake, kiangazi na masika, na kuzipeleka maabara. Maabara za shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, na za Chuo Kikuu cha Nairobi ziko Kabete, mwendo wa saa moja. Juja kuna wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Sampuli za damu za ng'ombe wachache, na maini kutoka machinjio ya Thika na Ruiru, zingeonyesha kile ambacho jani halionyeshi. Ini ndilo ghala la shaba mwilini. Damu huchelewa kusema. Kutokana na matokeo hayo ushirika ungemwagiza msagaji atengeneze unga unaoziba pengo la hapa, badala ya kununua fomula iliyokadiriwa kwa ng'ombe wa nchi nyingine anayekula saileji ya mahindi na lusini.

Kaunti ya Kiambu ina maafisa wa mifugo, ina machinjio inayoyakagua kila asubuhi, na ina vyama vya maziwa vilivyo na hesabu za kila mwanachama. Naomba idara ya mifugo ya kaunti na vyama hivyo waanze na mambo matatu tu katika msimu ujao wa kiangazi: sampuli za nepia na nyasi kavu zinazouzwa Thika na Ruiru, sampuli za maini kutoka machinjioni, na sampuli za mifuko ya madini kutoka agroveti. Kisha matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha kupokelea maziwa, kwa Kiswahili na Kikuyu, pamoja na majina ya mifuko iliyopimwa. Na wewe unayekamua kesho alfajiri, geuza mfuko wako usome viwango vilivyoandikwa nyuma. Kama havijaandikwa, urudishe dukani.